Bakhita Akataa Kurudi

Sisi twapenda kudhani kwamba msaada wa Mungu hushuka ghafla na kuyaondoa mateso. Kwa Bakhita, binti wa Darfur, Sudan, haukuja hivyo. Aliibwa angali mtoto, akauzwa mara kadhaa, akachanjwa chale zikatiwa chumvi. Hata jina alilopewa na wazazi wake likamtoka. "Bakhita", yaani mwenye bahati, aliitwa na watekaji wake. Bahati gani hiyo!

Baadaye alipelekwa Italia. Huko Venice, bibi aliyekuwa akimtumikia alimwacha kwa masista Wakanosa, naye akaanza mafundisho ya ukatekumeni. Bibi aliporudi kumchukua, Bakhita, aliyezoea kutii kila amri, alikataa. Tukumbuke kwamba hakuwa na fedha wala ndugu. Alikuwa na yale aliyofundishwa, na masista waliosimama upande wake.

Tarehe 29 Novemba 1889 mahakama ilitamka kwamba yeye si mtumwa. Tarehe 9 Januari 1890 alibatizwa, akaitwa Yosefina. Makovu hayakufutika, alikuwa nayo hadi kufa kwake, mwaka 1947. Lakini tangu siku ile ya ubatizo alionekana mara nyingi akikibusu kisima alichobatiziwa.