Bati la Mbesa na bati la Kyerwa

Neno "bati" limebeba mizigo miwili. Mbesa, mkoani Ruvuma, bati ni la kuezekea: chuma chembamba kilichopakwa zinki. Kyerwa, mkoani Kagera, bati ni madini yanayochimbwa, yale ambayo wanakemia huyaandika Sn. Mwanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa kwanza asipotenganisha maana hizi, somo la kutu litampotea. Zinki hutoa elektroni kwa wepesi kuliko chuma; bati la paa likikwaruzwa, zinki ndiyo huliwa kwanza na chuma husalimika. Kopo la chuma lililopakwa madini ya Kyerwa likikwaruzwa penye unyevu, mambo hugeuka: chuma ndicho huliwa, tena upesi.

Wapo watakaosema muktadha unatosha. Dukani, kweli, unatosha. Darasani metali hizo mbili hukaa kwenye jedwali moja, na mhandisi hulazimika kuchagua ipi ikinge chuma. Wala dawa si kukimbilia Kiingereza, kwani "zinki" tunalo tayari. Tuseme "bati la zinki" kwa paa na "madini ya bati" kwa Sn, na waandishi wa vitabu washike tofauti hiyo bila kuyumba.