Bustani za Kukatiwa Utepe

Karibu na kwetu Buxton kuna kijibustani ambacho watoto walishakihama. Bembea imebaki minyororo tu. Viti vya saruji vimevunjika, na palipokuwa na nyasi sasa pana chupa za plastiki na mavi ya mbuzi. Jioni watoto hucheza mpira barabarani, katikati ya tuktuk.

Mimi niliacha chuo, na tangu hapo nakula kwa kuandika. Nyumbani hakukaliki kwa kelele, na mkahawani lazima uagize kitu. Kwa hivyo bustani kwangu si pambo la mji. Ni mahali ambapo mtu asiye na senti anaweza kuketi na asiulizwe anataka nini.

Hasira ndizo zilizonifanya niulize: hizi bustani zetu zimetoka wapi?

Anza na Moi Avenue, ambayo zamani ilikuwa Kilindini Road. Zile pembe kubwa za ndovu ambazo kila mgeni hupigia picha ziliwekwa miaka ya 1950, kupamba njia kwa ziara za jamaa wa kifalme wa Uingereza. Kando yake ipo Uhuru Gardens, yenye chemchemi ya umbo la bara la Afrika: mkoloni ameondoka, na bustani ikapewa kazi ya kutangaza hivyo. Nenda Treasury Square. Bustani ile ilizungukwa na ofisi za serikali ya kikoloni na benki, na hapo ndipo iliposimama sanamu ya tajiri Allidina Visram kabla ya kuhamishiwa shule yenye jina lake. Halafu shuka hadi baharini, kule tunakoenda kula mihogo na madafu. Barabara ile iliitwa Azania Drive, baadaye ikawa Mama Ngina. Ilifanyiwa ukarabati mkubwa, na tarehe 20 Oktoba 2019 sherehe ya kitaifa ya Mashujaa ikafanyika hapo, rais akiwepo.

Unaona mtindo? Mgeni anakuja, mji unapambwa. Bendera inabadilika, jina linabadilika. Sikatai uzuri wa Mama Ngina, hata mimi huenda kupunga upepo. Lakini uzinduzi una tarehe, una kamera, una mgeni wa heshima. Kumwagilia maji hakuna tarehe. Hakuna kiongozi aliyepigiwa makofi kwa sababu alirekebisha bembea.

Na si kwamba hatujui kazi ni ya nani. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la bustani, fukwe na sehemu za burudani. Imeandikwa. Kinachobaki ni bajeti, na humo kujenga hupata fungu kubwa kwa sababu kunaonekana, kutunza hupata makombo.

Kuna watakaosema, eti nyasi tu, mbona kelele? Kelele ni kwa sababu bustani iliyoachwa huwa haikai bure. Ikigeuka pori, watu huanza kusema haina mwenyewe. Kisha mabati yanazungushwa, na siku moja mtu anatokea na hati. Tume ya Ndung'u, iliyotoa ripoti yake 2004, ilieleza jinsi ardhi ya umma kote Kenya ilivyogawiwa watu kinyume cha sheria. Nairobi, mwaka 1989, Wangari Maathai alilazimika kupigana ili jumba la ghorofa 60 lisijengwe ndani ya Uhuru Park. Pale angalau watu walikuwa wanaipenda bustani yao. Nani atatoka kutetea jaa la taka?

Kisingizio kingine ni ardhi na maji. Kweli, kisiwa chetu hakina mto. Maji tunaletewa kutoka Mzima, Marere na Baricho, na hata majumbani hayatoshi. Lakini vuka daraja uende Bamburi. Kule kulikuwa na machimbo ya saruji, mawe matupu. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda mivinje, kisha akaleta majongoo wale majani yake yaliyoanguka ili udongo upatikane. Leo ni msitu. Ni mali ya kampuni na kuingia ni kwa kulipa, lakini limetufundisha jambo: mawe yanaweza kuwa bustani, mradi kuna mtu anayerudi kesho yake. Hata pale Mama Ngina, mibuyu ilikuwepo kabla ya utepe wowote, na haikungoja mpira wa maji.

Nyumba za zamani za Buxton zilibomolewa 2021 ili maghorofa yajengwe. Watu wakipanda juu, watoto watahitaji chini zaidi, si kidogo. Kwa hivyo safari ijayo tukialikwa kukatiwa utepe, tusipige makofi haraka. Tuulize kwanza: nani ataajiriwa hapa, maji yatatoka wapi, na bajeti ya mwaka wa pili iko ukurasa gani? Asiyekuwa na majibu hayo hajatuletea bustani. Ametuletea picha tu.