Gotu kwa Baiskeli, Bila Kibali

Kila siku maelfu ya watu hupita Mtaa wa Wabera pale Nairobi wakikimbilia matatu, na sidhani wengi hujiuliza Wabera ni nani. Daudi Dabasso Wabera alikuwa Mkuu wa Wilaya ya Isiolo. Juni 1963 alipigwa risasi na kuuawa karibu na Modogashe, yeye na Chifu Haji Galma Dida, wakiwa katika ziara ya kuwashawishi watu wabaki Kenya badala ya kujiunga na Somalia. Ilipofika Desemba, hali ya hatari ilikuwa imetangazwa kaskazini.

Jina lake lilinijia mwezi uliopita nikiendesha baiskeli kutoka Isiolo kwenda Gotu na rafiki yangu Mborana. Safari yenyewe ilikuwa ya raha tu. Tulipita mashamba ya sukuma wiki yanayokunywa maji ya Mto Isiolo, tukaiacha lami, tukaingia vumbi. Miiba ya migunga haina adabu. Tuliziba pancha tatu. Halafu ukafika msitu mwembamba wa mikoma kandokando ya Ewaso Ng'iro, kivuli, njia za ngamia, na sisi tukienda mwendo wa kuongea.

Sasa sikia. Mwendo huo, bila haraka na bila kibali, ni kitu kipya huku. Sheria ya 1902 iliwapa wakoloni uwezo wa kufunga maeneo ya pembezoni, na kaskazini ikafungwa: mgeni haingii bila ruhusa. Ya 1934 ikambana mwenyeji naye, asitoke eneo alilopangiwa. Uhuru ukaja, vita vya Shifta vikaja nao, na serikali mpya ikaokota fimbo ileile. Kuanzia 1966 watu wa Isiolo walikusanywa katika kambi za Garba Tula, Merti na Modogashe. Mfugaji asiyehama hana mifugo, hilo halihitaji digrii (yangu niliiachia njiani). Ngamia na ng'ombe walikufa kwa kukosa malisho karibu na kambi, na waliokutwa nje walihesabiwa kuwa wa adui.

Waborana wanaziita siku hizo Gaaf Daba, wakati wa kusimamishwa. Naona jina hilo linasema zaidi ya "Shifta", ambalo maana yake ni jambazi tu.

Hata kilimo cha huku kimebeba alama ya vita. Miradi ya umwagiliaji ya Merti na Malka Daka, chini zaidi ya mto, ilikuzwa baadaye kwa ajili ya watu waliobaki bila mifugo. Kwa hiyo ukiona shamba la kijani kando ya Ewaso, usikimbilie kuliita maendeleo.

Vita viliisha Oktoba 1967 kwa mapatano ya Arusha, Kenyatta na Egal wakipatanishwa na Kaunda. Lakini kanuni za hali ya hatari zilibaki hadi 1991.

Pale mtoni mzee mmoja alitukuta tumegeuza baiskeli juu chini, tunapaka gundi.

"Mnapeleka nini Gotu?"

"Hakuna, mzee. Tunatembea tu."

"Nani amewatuma?"

"Hakuna aliyetutuma."

Alimtazama rafiki yangu, akamuuliza tena kwa Kiborana.