Kabaila Asiyekufa: Kanisa na Ardhi katika Uingereza ya Zama za Kati

Tumezoea kusimuliwa kwamba Kanisa la zama za kati lilikaa pembeni ya ukabaila na kuubariki: mfalme akagawa ardhi, kabaila akaapa kumtii, kasisi akaomba, mkulima akalima. Masimulizi hayo yanalipunguzia Kanisa nafasi yake. Hesabu ya mali iliyofanywa Uingereza mwaka 1086 kwa amri ya Mfalme William inaonyesha kwamba karibu robo ya ardhi ilikuwa ya maaskofu na abasia. Abasia ya Peterborough peke yake ilidaiwa na mfalme askari wapanda farasi 60, mzigo wa kabaila mkubwa hasa. Tofauti ilikuwa moja tu, nayo ndiyo iliyolipatia Kanisa nguvu: kabaila wa kawaida hufa. Mrithi wake alilipa ada, akiwa mtoto ardhi ilishikwa na bwana wa juu, na wakibaki mabinti tu iligawanywa. Abate alipofariki, mfalme aliweza kula mapato hadi mwingine achaguliwe, lakini ardhi ilibaki nzima. Ndiyo maana mwaka 1279 Mfalme Edward I alikataza watu kulipatia Kanisa ardhi kiholela. Ugomvi wake haukuwa wa kidini. Alikuwa akilinda ada za vifo.

Kutokufa huko mkulima alikuonja kwenye unga wake. Huko St Albans, abasia iliwalazimu watu kusaga nafaka kwenye vinu vyake na kulipia. Wao wakasaga nyumbani kwa mawe ya mkono, na kesi zikaendelea kizazi hadi kizazi, huku watawa wakitunza kila hati. Katika miaka ya 1330 Abate Richard wa Wallingford alishinda, akayakusanya mawe yale na kuyatandaza yawe sakafu ya sebule ya abasia. Katika uasi wa wakulima wa 1381 watu waliingia abasiani, wakayang’oa, wakayavunja na kugawana vipande kama mkate uliobarikiwa wa Jumapili. Aliyeyaandika haya, Thomas Walsingham, alikuwa mtawa wa abasia hiyohiyo na aliwachukia waasi. Hakuwa na sababu ya kuwapamba.

Atakayelitetea Kanisa atataja mtaguso wa Charroux wa mwaka 989, uliowatishia laana waliopora mifugo ya maskini. Ni kweli, lakini mtaguso huohuo ulilinda pia makanisa na makasisi, na mkulima aliyeporwa hawezi kulipa zaka. Hoja nzito zaidi ni maisha ya Richard mwenyewe: alikuwa mwana wa mhunzi, na nje ya Kanisa asingefika popote. Hata hivyo, mwana wa mhunzi alipokalia kiti cha abate aliwanyang’anya mafukara mawe yao, kwa kuwa kiti kilikuwa na madai ya zamani kuliko yeye. Na John Ball, kasisi aliyehubiri usawa, alinyongwa palepale St Albans mwaka 1381.

Hati za uhuru walizozipata watu wa St Albans kwa nguvu katika uasi huo zilifutwa mwaka huohuo, na kiongozi wao William Grindcobbe akanyongwa. Abasia iliendelea kuwa bwana wa mji hadi 1539, Henry VIII alipoifunga na ardhi yake kuchukuliwa na taji.