Steringi Katokea Lusaka: Mabinti Wanne Waliovuka Mpaka wa Tunduma

Mtoto wa Tunduma anaijua Zambia kabla hajaijua Dar. Ukivuka tu mpaka uko Nakonde, na huko Kiswahili kinaeleweka vizuri tu. Noti za kwacha zinabadilishwa mtaani mchana kweupe, na Wanyamwanga wana ndugu pande zote mbili, maana mstari uliochorwa na wakoloni haukuwauliza wanazikana wapi. Ukipima kwa barabara, Lusaka na Dar es Salaam ni kama kilomita elfu moja kila upande. Yaani Tunduma iko katikati kabisa.

Ndiyo maana Julai 20, 2023, Netflix ilipoachia katuni inayoitwa Supa Team 4, hapa mpakani ilikuwa ni habari ya jirani. Mabinti wanne wa shule, Komana, Zee, Monde na Temwe (hili la mwisho Mbemba akilisikia anakumbuka neno la kupenda), wanaokotwa na bibi mmoja, Mama K, jasusi mstaafu. Bibi bado ana hamu ya kuokoa mji ila bajeti hana. Mji wenyewe ni Lusaka ya miaka ijayo. Sehemu za mwanzo kazi yake ni hiyo: kuwakusanya hawa madogo, kuwapa mavazi na mitambo, na kuwafundisha kupigana na maadui huku siri isijulikane shuleni wala nyumbani.

Kwa waliokulia kwenye mabanda ya video, hadithi hii wanaijua. Steringi hafi. Ila steringi wa enzi hizo alikuwa Mmarekani, Mhindi au Mchina, na aliyemfanya aongee Kiswahili ni mtafsiri tu, anayepiga stori juu ya picha na kuongeza chumvi zake. Steringi binti, Mwafrika, tena anayewahi kipindi asubuhi? Huyo hakuwepo.

Hapa inabidi turudi nyuma kidogo, maana kuna jambo wengi hawalijui. Zambia ilikuwa na televisheni tangu 1961, ilipoanzia Kitwe, mji wa migodi ya shaba, kabla hata ya uhuru wao. Zanzibar wakaanza miaka ya mwanzo ya 1970, tena kwa rangi. Bara tukasubiri hadi 1994, vituo binafsi kama ITV vilipofungua njia. Televisheni ya taifa ikaja miaka kadhaa baadaye. Serikali ya Mwalimu iliona televisheni ni anasa ya nchi zenye pesa. Mtu anaweza kubishana na uamuzi huo mpaka kesho, lakini hesabu haibishaniwi: Zambia na Bara zimepishana miaka 33. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 toka Dar hadi Kapiri Mposhi, ilishakabidhiwa 1976 na kupita hapahapa Tunduma. Treni ilifika miaka 18 kabla ya picha.

Basi watoto wa Bara walipopata skrini, walikuta katuni zimeshatengenezwa na wengine. Za vijana wenye nguvu za ajabu zilikuwa za Marekani. Mwaka 2000 ilitoka Static Shock, kijana mweusi anayetumia umeme, na mwaka 2003 ikaja Teen Titans. Static ndiye aliyewagusa wengi wenye rangi yake. Kuna sehemu moja anakwenda mapumziko Ghana na familia yake, anakutana na shujaa wa kule aitwaye Anansi, jina la buibui mjanja wa hadithi za Waakan. Dakika ishirini na kidogo, kisha akarudi kwao. Mwafrika alikuwa mwenyeji wa mgeni, siku moja, basi.

Aliyeanzisha Supa Team 4, Malenga Mulendema wa Zambia, amewahi kueleza kwamba alikua akiangalia katuni na kujiuliza kwa nini mashujaa hawafanani naye wala hawaishi kwenye nchi kama yake. Swali hilo wamejiuliza watoto wengi sana. Yeye akalipeleka kwenye shindano. Mwaka 2015 studio ya Triggerfish ya Cape Town, ikisaidiwa na Disney, iliita waandishi wa Afrika walete mawazo ya hadithi. Yaliletwa zaidi ya 1,300 kutoka nchi 30, wakachaguliwa washindi wanane, na yeye akiwemo.

Toka ushindi hadi kwenye skrini ni miaka minane. Nane! Aliyekuwa darasa la kwanza siku ya shindano alikuwa sekondari siku katuni inatoka. Mwanzoni iliitwa Mama K's Team 4. Netflix ilitangaza kwamba hiyo ndiyo katuni yake ya kwanza ya asili kutoka Afrika, ikitengenezwa na Triggerfish pamoja na kampuni ya CAKE ya London. Sura za mabinti zilichorwa na msanii wa Cameroon, Malcolm Wope, aliyechukua mtindo wa makundi ya wasichana wa R&B na hip hop ya miaka ya 90. Ukiangalia nywele na rangi zao unaliona hilo moja kwa moja. Waandishi walitafutwa wanawake wa Kiafrika, na hapo ndipo maongezi ya mabinti yalipopata chumvi.

Mwezi uleule wa saba, siku kumi na tano kabla, Disney+ nao walitoa mkusanyiko wa filamu fupi kumi za katuni za Kiafrika. Jina lake? Kizazi Moto. Kiswahili chetu hicho! Moja ya filamu hizo inaitwa Hatima, na imetengenezwa na Waafrika Kusini. Nchi zilizoshiriki ni sita: Zimbabwe, Uganda, Afrika Kusini, Nigeria, Kenya na Misri. Tanzania haimo. Jina tumelitoa, kazi wamefanya wengine. Hili linauma zaidi ukikumbuka kwamba uwezo upo: Ubongo Kids ilianza kuonekana hewani 2014 ikitengenezwa Dar es Salaam, kwa Kiswahili, ikifundisha hesabu kwa nyimbo, na imesambaa nchi nyingi za Afrika.

Rudi Tunduma sasa. Netflix ilifungua huduma zake karibu dunia nzima Januari 2016, mwezi uleule Songwe ilipomegwa kutoka Mbeya ikawa mkoa. Kwa makaratasi, mkoa mpya na Netflix ni mapacha. Ila kuipata kunataka bando na njia ya kulipia, na mabinti wa Lusaka wanaongea Kiingereza. Wanaoonekana kama majirani wanasikika kama walimu wa zamu. Binti wa mpakani anayeongea Kinyamwanga nyumbani, Kiswahili sokoni na Kibemba kidogo akivuka, anahitaji lugha ya nne ili amwelewe shujaa anayeishi upande wa pili wa geti.

Msimu wa pili ulitoka Desemba 21, 2023. Malori yalikuwa kwenye foleni kama kawaida, shaba inashuka, mafuta yanapanda, na kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa 2019 na marais Magufuli na Lungu kinagonga mihuri. Filamu za kutafsiriwa zinavuka hapo bila shida kwenye flashi ndogo ya mfukoni. Mama K na timu yake bado hawajapata mtafsiri wa banda la video wa kuwatia Kiswahili, na kwa jinsi bibi yule anavyobana matumizi, yule jamaa angekuwa na mengi sana ya kuongeza.