Pembe, ruba na damu ya mtoto

Mwaka 1870 David Livingstone alikwama Kabambare, wakati ule Bambarre, kwa vidonda vya miguu. Miezi ikapita. Kilichomsaidia, aliandika, ni malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, lililosagwa na maji na kupakwa kwa unyoya.

Kwao Ulaya waganga walikuwa wameamini kunyonya damu. Mwaka 1833 Ufaransa peke yake iliagiza ruba zaidi ya milioni 40, wakibandikwa wagonjwa wa homa, tumbo, hata kichwa. Wengi walidhoofika bure. Mwaka 1884 John Haycraft aligundua kwamba mate ya ruba huzuia damu kuganda. Ndiyo maana tangu 2004 Marekani inaruhusu ruba hospitalini: kidole kilichoshonwa kikijaa damu isiyo na njia ya kurudi, ruba huitoa. Tena kwa antibiotiki, maana ruba ana vijidudu vyake. Homa hatibu.

Huku ruba si desturi sana. Iliyopo ni kuumika kwa pembe, Waislamu huita hijama. Mtu mzima mwenye nguvu huenda akavumilia. Mtoto wa malaria, hapana: vimelea vimekwisha kuivunja damu yake, na pembe inaongeza upungufu. Wembe mmoja kwa migongo mitatu nao hupitisha Ukimwi na homa ya ini.

Kwa familia zilizokimbia vita, pembe iko jirani, kituo cha afya ni mwendo wa siku. Hata hivyo, viganja vya mtoto vikiwa vyeupe na anapumua mbio, abebwe kituoni siku hiyohiyo: huenda akahitaji kuongezewa damu.