Kiingereza cha biashara: Kusoma taarifa za Ferrari na Porsche

Taarifa za fedha za makampuni makubwa hutolewa kwa Kiingereza. Mfanyabiashara anayezisoma akiwa Namanga, Busia au Rusumo hukutana na maneno anayoyafahamu kutoka dukani au bandarini, lakini humo yana maana nyingine. Makampuni ya magari ya kifahari yanafaa kwa kujifunzia kwa kuwa biashara yao huenda kinyume na mazoea: Ferrari ya Italia huuza magari machache kwa makusudi, na hapo ndipo inapopata faida.

Neno la kwanza ni "shipments". Msafirishaji atafikiria makontena melini, lakini katika taarifa ya Ferrari ni idadi ya magari yaliyouzwa na kupelekwa. Mwaka 2024 yalikuwa 13,752, na mwaka 2023 yalikuwa 13,663. Mabadiliko madogo namna hiyo huitwa "flat", yaani idadi imebaki karibu pale pale; si lawama. Hata hivyo "revenue", mapato yote ya mauzo kabla ya kutoa gharama, yalipanda kutoka yuro milioni 5,970 hadi milioni 6,677, karibu asilimia 12. Waingereza hutumia pia "turnover" kwa maana hiyo hiyo, na wengi huteleza hapo kwa kudhani ni faida.

Magari karibu yale yale, fedha zaidi: imewezekanaje? Jibu limo katika neno "mix", mchanganyiko wa bidhaa zilizouzwa. Wateja walichukua aina za bei kubwa zaidi na kulipia rangi, ngozi za viti na mapambo ya kuagiza wenyewe. Mwenye lori anaijua hali hii: safari ni zile zile, ila mizigo inayolipa vizuri imeongezeka.

"Margin" ndilo neno la kuangaliwa kuliko yote. Bidhaa iliyonunuliwa kwa shilingi 1,000 na kuuzwa 1,250 imeongezewa asilimia 25 juu ya gharama, na hiyo ni "mark-up". "Margin" yake ni asilimia 20, kwa sababu faida ya 250 inagawanywa kwa bei ya kuuzia. Anayechanganya mawili hayo mbele ya afisa mikopo hujiumiza mwenyewe. Faida ya uendeshaji ya Ferrari mwaka 2024, kabla ya riba na kodi, ilikuwa yuro milioni 1,888, sawa na "margin" ya asilimia 28.3. Porsche ya Ujerumani iliuza magari 310,718 mwaka huo huo, zaidi ya mara 20 ya Ferrari, na ikapata asilimia 14.1.

Porsche ina kile kinachoitwa "scale", ukubwa wa uzalishaji. Ferrari ina "exclusivity", yaani si kila mwenye fedha atalipata gari hilo. Mwaka 2013, chini ya mwenyekiti Luca di Montezemolo, ilipunguza magari hadi 6,922 na mapato yakapanda kwa kiasi cha asilimia 5. Tahadhari: katika mkataba wa uwakala neno la karibu, "exclusive", halihusu ufahari hata kidogo. Linamaanisha wakala pekee katika eneo lililotajwa.

Wachambuzi hupima nafasi ya kampuni kwa mambo manne: "strengths", "weaknesses", "opportunities" na "threats". Mawili ya kwanza yako ndani ya kampuni, mawili ya mwisho yako nje. Mauzo ya Porsche nchini China yalishuka kwa asilimia 28 mwaka 2024, hadi magari 56,887. Soko kupoa ni "threat". Kulitegemea mno ni "weakness". Kiasi cha kutegemea soko huitwa "exposure". Ya Ferrari ilikuwa ndogo: China, pamoja na Hong Kong na Taiwan, haikufika asilimia 10 ya magari yake.

Mwaka 2025 Marekani ilipoweka ushuru wa asilimia 25 juu ya magari yanayoingizwa, maneno mawili yalitawala taarifa. "Pass on" ni kumwongezea mteja gharama hiyo kwenye bei. "Absorb" ni kuibeba mwenyewe. Ferrari ilitangaza kupandisha bei za baadhi ya aina kwa hadi asilimia 10. Porsche, ambayo haina kiwanda Marekani, iligharimika takriban yuro milioni 400 katika nusu ya kwanza ya mwaka. Uwezo wa kupandisha bei bila kukimbiwa na wateja huitwa "pricing power". Wasafirishaji hupimwa nao kila dizeli inapopanda, ingawa wachache hulitumia neno lenyewe wanapojadiliana na mwenye mzigo.

Linabaki "guidance", ambalo si ushauri bali makadirio ya kampuni kuhusu matokeo yake ya mbele. Oktoba 2025 Ferrari ilipandisha makadirio ya mwaka huo, lakini hisa zake zikaanguka kwa takriban asilimia 15 kwa siku moja. Wawekezaji walikuwa wameyalinganisha malengo ya mwaka 2030 na "expectations", yaani matarajio yao wenyewe, na wakayaona madogo.